Uso wa Mzee wa Barazani

Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Somo: Luka 16:19–31

 

Asubuhi hii tumefungua Injili ya Luka, sura ya 16, hapo Bwana wetu anapotoa mfano wa tajiri na maskini Lazaro. Mnaufahamu. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanaufahamu, na pengine ndiyo sababu hatuusikii tena. Kwa hiyo tutauacha kidogo, umefunikwa kama sahani ya mgeni aliyechelewa, na baadaye tutaurudia. Kwanza twendeni Malindi mjini, usiku.

Mchana mnaijua Malindi: tuktuk na mikokoteni, wauza madafu, wageni wa hoteli wenye ngozi nyekundu kwa jua. Usiku ni mji mwingine. Maduka yakisha kufungwa na milango ya chuma ikisha kuteremshwa, zile baraza za saruji zilizo mbele yake hupata wenyeji wao. Kila mmoja ana mahali pake. Huyu ana katoni iliyokuwa ya friji, yule ana magunia mawili ya unga, mwingine hana kitu ila kikoi chake. Wapo vijana, wapo watoto wenye chupa ya gundi puani, na wapo wazee. Serikali ilipowahesabu mwaka 2018 watu wanaoishi mitaani katika nchi yetu ya Kenya, ilipata zaidi ya 46,000. Hiyo ni kama miji mizima ya watu, wasio na mlango wa kufunga.

Sisi tunaonena nanyi tumepita mbele ya baraza hizo kwa miaka mingi, tukitoka ibada ya jioni au kumtazama mgonjwa. Tulikuwa tukitoa salamu, pengine na shilingi ishirini, tukaenda zetu. Wakati wa Krismasi usharika wetu ulipeleka pilau, na taarifa yetu ya mwaka ikaandika: sahani 80. Majina hayakuandikwa, kwa sababu hatukuyauliza.

Sasa hao wazee. Msidhani kwamba wote waliletwa mjini na njaa. Katika nchi yetu hii ya Kilifi, tangu Ganze na Bamba hata ng'ambo ya mto Sabaki, mtu akiota mvi, na macho yake yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, yuko hatarini. Mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe akianguka, kijana akikosa kazi Mombasa, watu hawaulizi ni nini. Huuliza ni nani. Na jibu huwa limekwisha kutayarishwa: ni yule mzee, ni yule bibi. Nanyi mkichunguza, mara nyingi mtaona kwamba mzee yule ana shamba, na wako vijana wanaoona kwamba amechelewa mno kuliacha. Wengine wameuawa kwa panga. Wengine wameamshwa usiku na moto wa makuti juu ya vichwa vyao. Waliobahatika wamekimbia na nguo walizovaa.

Iko sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inamtia hatiani hata mtu anayemsingizia mwenzake kuwa ni mchawi. Lakini sheria huja mchana, na gari. Hao wengine huja usiku kwa miguu, nao ni jamaa. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, yako makao ya kuwahifadhi wazee waliokimbia namna hiyo. Nasi hatuna budi kusema kweli ingawa inatuuma: walioyafungua makao yale ni watu wa utamaduni wa Kimijikenda. Si kanisa.

Basi katika usharika wetu tuna kijana mmoja fundi wa vibao. Mkiona mjini kuku mwekundu amechorwa juu ya mlango wa hoteli, au kinyozi na mteja wake ukutani, pengine ni kazi ya mkono wake. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Jioni, kazi ikiisha, alianza kwenda barazani na kipande cha makaa na karatasi za mifuko ya saruji, zile za kahawia, zilizokung'utwa na kupanguswa vizuri, akawa anachora nyuso za wazee.

Tulimwuliza kwa nini anafanya hivyo. Tulitazamia jibu la kiroho, maana ndivyo wachungaji tulivyo. Akasema kwamba nyuso za vijana hazina kazi, ni laini kama yai. Lakini uso wa mzee una njia nyingi za kupita. Tukacheka. Baadaye tulikwenda pamoja naye usiku mmoja ili tuone, na hatukucheka tena.

Hafiki na kuanza kuchora. Kwanza anaketi pale pale chini, juu ya saruji, si juu ya kiti. Anaamkia. Anauliza jina, anauliza nyumbani ni wapi. Halafu anaomba ruhusa, na asipopewa anakaa kidogo, anazungumza mambo mengine, anaondoka. Akipewa, anachukua saa nzima, pengine zaidi, na taa ya duka ikiwa mbaya anarudi kesho. Anachora picha mbili: moja ni ya mwenye uso, anaachiwa mwenyewe, ya pili anakwenda nayo.

Mtu anayetoa shilingi ishirini hahitaji kutazama zaidi ya mkono. Mwenye kuchora hawezi kufanya hivyo. Hawezi kuchora sikio asilolitazama. Nasi tunawaambieni habari ya sikio kwa sababu mzee aliyekuwa akichorwa usiku ule alikuwa amekatwa ncha ya sikio la kushoto. Jeraha limepona kitambo, limeacha kovu linaloshuka mpaka shingoni. Sisi tulikuwa tumemsalimu mzee huyo kwa muda wa miaka minne. Hatukuwahi kuliona.

Mara ya kwanza alikuwa amekataa. Alimwambia kijana, “Mwanangu, usinichore. Picha ina miguu. Itafika nilikotoka.” Ilimchukua kijana juma zima la kwenda na kuketi tu. Mwishowe mzee akakubali, akasema hata ile ya pili inaweza kuonekana, lakini kanisani, si sokoni.

Alipopewa picha yake aliipeleka karibu na taa. Kumbukeni kwamba mtu anayelala barazani hana kioo. Huenda hakuwa ameuona uso wake tangu siku aliyokimbia. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe nimekuwa baba yangu.”

Ndipo akaanza kueleza. Kwao ni ng'ambo ya Sabaki. Watu wa huko wanajua kuchomewa nyumba. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliwaamuru Wagiriama waiache ardhi yao ya kaskazini ya mto, na waliposita, askari wakazitia moto nyumba zao. Ndiyo vita ile ambayo jina la Mekatilili wa Menza limefungamana nayo. Baba yake mzee huyu alikuwa mtoto mdogo wakati huo, akabebwa mgongoni. Baadaye jamaa wakarudi, wakapanda mikorosho na minazi. Baba akakua, akawa mtu wa kuheshimiwa, na alipokufa akachongewa kigango. “Nyumba ya babu yangu ilichomwa na askari wa Wazungu,” akasema. “Yangu imechomwa na watoto wa ndugu zangu. Mjukuu wao alikufa kwa homa.” Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza.

Hapa tusimame kidogo, kwa ajili ya wasikilizaji wa bara ambao hawajui kigango ni kitu gani. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, una kichwa cha mviringo, na mwili wake umechongwa pembe pembe kwa nakshi ya ustadi mwingi. Wagiriama walimsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, ili awe na mahali bomani mwake. Hakifanani na sura ya marehemu, lakini kila mtu wa boma lile anajua huyu ni nani. Sisi Wakristo hatuvimwagii vigango pombe wala hatuviombi. Lakini haitupasi kuvidharau pia. Waliovichonga walikuwa wakisema jambo moja ambalo hata Maandiko yanalisema, kwamba mzee hatupwi.

Na mnajua yaliyovipata vigango. Vimeibwa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara wa sanaa, vikasafirishwa mpaka Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 katika boma moja la Kimijikenda vilikuja kuonekana katika majumba ya makumbusho huko. Vikadaiwa, vikarudishwa, na mwaka 2007 kukafanywa sherehe kubwa ya kuvipokea, kwa ngoma na machozi. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali kurudisha vigango 30. Tulifurahi, nasi tunafurahi hata leo, maana wizi ni wizi. Lakini yatupasa kuona aibu pia. Mti wa mzee aliyekufa unarudi kutoka ng'ambo ya bahari, nao unapokewa kwa ngoma. Mzee aliye hai, aliye safari ya saa moja tu kwa matatu, hawezi kulivuka daraja la Sabaki kwenda kwake.

Sasa tuwaeleze lililotupata sisi wenyewe. Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia, kijana alitujia akaomba picha zake zitundikwe katika ukumbi wa kanisa, mahali watu wanywapo chai baada ya ibada. Wazee wawili walikuwa wamekataa picha zao zisionekane. Hizo aliziweka kwake. Zilibaki kumi na moja. Tukalipeleka neno hilo mbele ya halmashauri ya kanisa tukidhani ni jambo la dakika tano.

Lilichukua mikutano mitatu. Mmoja wetu alitaja amri ya pili, habari ya sanamu. Huyo tulimjibu kwa urahisi, kwamba hakuna atakayeisujudia karatasi ya saruji, na kwamba hata picha za harusi zake zimetundikwa sebuleni. Lakini mwingine, mtu mwema, mtoaji mkubwa, alisema polepole, “Mchungaji, hao si watu tu wasio na nyumba. Watu wao wenyewe wamewafukuza, na watu wao ndio wanaowajua. Tutatundikaje nyuso za wachawi mahali watoto wetu wanapokula?” Akafungua Biblia, akatusomea ile aya ya Kutoka 22 juu ya mwanamke mchawi.

Ndugu zangu, tungependa kuwaambia kwamba tulisimama mara moja tukajibu. Hatukusimama. Tulitazama saa, tukasema jambo hili tulifikiri zaidi, tukafunga kwa sala. Tulikuwa na paa la kumalizia, nasi tulijua mabati yake yangetoka mfukoni mwa nani. Mkutano wa pili tukaahirisha tena. Usiku ule hatukulala vizuri.

Mkutano wa tatu tulikwenda na maneno mawili. La kwanza lilitoka katika Torati ile ile. Tulimwonyesha ndugu yetu Kumbukumbu la Torati 19, ambapo Mungu anakataza mtu asihukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, tukamwuliza: kwa mzee huyu, mashahidi wawili au watatu ni nani? Mganga aliyelipwa? Tena tukamwonyesha Walawi 19, mahali ambapo Israeli wanaamriwa kumwondokea mwenye mvi na kusimama mbele yake, na amri hiyo imefungwa pamoja na kumcha Mungu, hazitenganishwi. Katika Biblia, mvi ni sababu ya kusimama. Sisi tumezifanya kuwa sababu ya kushika panga.

La pili lilikuwa habari ya mchoraji mmoja wa Uholanzi, Vincent van Gogh. Mwalimu wetu mmoja katika chuo cha teolojia alituonyesha picha zake zamani, nasi hatukuelewa wakati ule kwa nini anazipitisha mikononi mwetu katika somo la uchungaji. Huyu Van Gogh alikuwa mtoto wa mchungaji. Mwishoni mwa mwaka 1878 alikwenda kuwahubiri wachimba makaa ya mawe huko Borinage katika nchi ya Ubelgiji. Akagawa nguo zake, akaiacha nyumba nzuri aliyopangiwa, akalala juu ya majani makavu. Wakubwa wa misheni hawakupendezwa. Waliona kwamba anajishusha mno, tena kwamba hajui kuhubiri, na mwaka 1879 wakakataa kumwongezea muda. Basi akashika kalamu ya kuchorea. Mwaka 1882, katika mji wa The Hague, alikuwa akiwachora wazee maskini waliotunzwa katika nyumba ya kanisa la Kireformati. Mmoja wao alivaa koti kuukuu lenye namba mkononi, namba 199, kwa maana ndivyo nyumba ile ilivyowatambua watu wake. Van Gogh alimchora mara nyingi. Katika picha moja mzee ameketi kitini, ameinama, ngumi zake mbili zimefunika macho. Miaka minane baadaye, mwaka 1890, miezi michache tu kabla ya kufa kwake, mchoraji akaichukua tena sura ile ile, akaipaka rangi. Hakuwa amemsahau.

Tuliwaambia halmashauri: kanisa lile lilimpa mzee chakula, likampa koti, likampa na namba. Hatulilaumu, limefanya kuliko sisi. Lakini ilihitajika mhubiri aliyeshindwa kuja kumtazama mzee yule usoni.

Picha zikatundikwa. Si kwa kura nzuri sana, ila zikatundikwa. Yule ndugu yetu hakuja Jumapili ile, alikuja iliyofuata.

Baada ya ibada ya Mavuno watu waliingia ukumbini, wakachukua chai na mahamri, wakawa wanapita na kuangalia. Wengine walisema, huyu ninamjua, hulala mbele ya duka la vitambaa. Wengine walicheka kidogo kwa haya. Kisha tukamwona mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mtu wa kazi nyingi na maneno machache, amesimama mbele ya picha ya mzee mwenye sikio lililokatwa. Kikombe kilikuwa mkononi, hanywi. Akakiweka chini, sakafuni, si mezani, akatoka.

Tulimkuta nyuma ya kanisa chini ya mwarobaini. Akasema, “Yule ni baba mkubwa. Ndiye aliyenilipia karo mpaka darasa la saba.” Tukamwambia, “Pole, mama. Basi hukujua kwamba yuko hapa mjini.” Akatutazama. “Nilijua, Mchungaji. Nina miaka miwili najua. Nikienda sokoni huzunguka kwa upande wa samaki nisipite mbele ya duka lile.”

Sasa, wapendwa, tuifunue ile sahani tuliyoifunika.

Tumezoea kuhubiri kwamba tajiri wa Luka 16 hakumwona Lazaro. Sisi wenyewe tumehubiri hivyo mara nyingi, kwa sauti kubwa, na madaftari ya mahubiri hayo tunayo bado. Lakini someni vizuri. Tajiri anapokuwa katika mateso, anainua macho, anamwona Ibrahimu kwa mbali, na Lazaro kifuani pake. Anamtambua. Ndiyo, kwa mbali sana, na yeye mwenyewe akiwa ndani ya moto, anamtambua. Wala hasemi, mtume yule maskini. Anamwita kwa jina. Basi alilijua jina lake! Alilijua siku zote, tangu huko mlangoni. Huenda mtumishi alimwambia, huenda alilisikia mbwa wakifukuzwa. Tajiri yule hakukosa habari. Alikuwa akizunguka kwa upande wa samaki.

Tena angalieni hata huko alikofika anavyomtazama Lazaro. Anataka alete maji. Halafu anataka apeleke ujumbe kwa ndugu zake watano. Hasemi naye hata neno moja. Anazungumza na Ibrahimu juu yake. Tulipofika hapo, tukakumbuka taarifa yetu ya mwaka, na zile sahani 80.

Nasi hatukuwa na neno la kumkemea mama yule. Tungemkemea kwa lipi? Yeye alizunguka kwa kuwa aliogopa ndugu zake, ambao wangeweza kumfuata na yeye, mwenye watoto. Sisi tulipita mbele ya mzee moja kwa moja, tukitabasamu, wala hatukuliona sikio.

Jumatatu alikwenda. Hakwenda na sisi, alikataa. Alikwenda na yule kijana fundi wa vibao, akaketi pale pale chini juu ya saruji. Kijana ndiye aliyetueleza. Mzee alimtazama kwa muda, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mjini hapa hakuna anayelijua. Hakulia. Aliuliza kama korosho za mwaka huu zimeokotwa.

Msifikiri kwamba mambo yamekwisha vizuri. Mzee sasa analala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya mama huyo. Mume wake alikubali kwa shida, na majirani wawili wamewakataza watoto wao kucheza katika ua ule. Habari ya shamba iko mbele ya chifu. Ndugu za mama wametuma ujumbe kwamba mzee akilivuka daraja, wao hawahusiki na litakalompata. Tumekwenda mara mbili kuzungumza nao. Mara ya kwanza tulipewa madafu, mara ya pili hatukupewa hata kiti. Tutakwenda tena, na safari hii yule ndugu wa halmashauri aliyetusomea Kutoka 22 amesema atakuja pamoja nasi. Kwa nini amebadilika hatujui, nasi hatukumwuliza.

Kanisani mzee hajaja. Anasema bado anafikiri.

Picha yake ameitundika juu ya kitanda. Lakini makaa hayashiki sana katika karatasi ile; upepo na vumbi na mikono ya watoto vinaifuta kidogo kidogo, na kovu la shingoni limekwisha kufifia. Kwa hiyo kijana huenda kila baada ya wiki kadhaa na makaa yake, anaketi, anamtazama upya, anaitengeneza. Mzee hulalamika kwamba kila mara anamwongezea umri.

Zile nyingine kumi bado ziko ukutani. Hakuna aliyekuja kusema, huyu ni wetu. Ukumbi wa kanisa huwa wazi kila siku mpaka saa kumi na mbili jioni, na mlango hauulizi mtu ni wa dini gani au anatoka ng'ambo gani ya mto.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyesimama njiani kwa ajili ya kipofu mmoja aliyeketi akiomba, uwakumbuke walalao barazani usiku huu, Malindi na Kilifi na Mombasa na kila mji wetu. Uwalinde wazee walioko vijijini, ambao leo wananong'onezewa. Uwazuie mikono vijana wanaonoa panga. Utusamehe sisi wachungaji tuliotazama saa. Na yule msikilizaji mmoja ambaye ameisikia habari hii naye anajua ni mzee gani, na anajua analala wapi, umpe nguvu za miguu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.